Ukurasa wa Tarehe Kumi na Saba

Boila ya chumba cha kufulia ilikuwa haiamki haraka. Ukiiwasha saa kumi na mbili kamili asubuhi, mshale wake ulikaa kwenye sufuri kama uliogoma, na ilipita karibu nusu saa kabla mvuke haujatosha kuendesha mashine kubwa za kufulia na ile pasi ya mtambo ya kunyooshea mashuka. Kwa hiyo kila siku, kabla mashuka ya wodi na magauni ya kijani ya chumba cha upasuaji hayajaingia majini, wafuaji wa hospitali ile walikuwa na nusu saa isiyokuwa na kazi. Wengine wangeimaliza kwa umbea. Wao walisomewa.

Msomaji alikuwa mwanamke mrefu, mikono imejaa makovu madogo madogo ya kuungua, waliyemwita Mama Pasi. Mtoto hakuwa naye. Jina lilitokana na kola zake: miaka kumi na tisa kazini, hakuna aliyewahi kumwona na kola iliyokunjamana, hata siku ambazo hospitali nzima ilikosa umeme.

Kitabu alikipata kwa padri mmoja mzee ambaye alikuwa akimpigia pasi kanzu kila Jumamosi. Padri alipostaafu na kuanza kufungasha, alimwonyesha rafu ya vitabu akamwambia achague kimoja. Mama Pasi akachukua kinene kuliko vyote. Darasani aliishia la saba, na alijiambia kwamba kitabu kinene angalau hakitaisha upesi.

Padri akaangua kicheko. "Mwanangu, hicho kimewashinda mapadri wenzangu."

"Mimi na yeye tutazoeana tu, baba."

Yalikuwa mafundisho ya mababa wa Kanisa, watu wa zile karne za mwanzo: maaskofu, watawa wa jangwani, walimu walioweza kugombana miaka thelathini kwa ajili ya neno moja. Kila siku ya mwaka ilikuwa na ukurasa wake. Mwaka wa kwanza Mama Pasi alielewa pengine robo. Maneno yaliyomshinda aliyaandika nyuma ya karatasi za orodha ya nguo, na Jumapili alimvizia katekista mlangoni mwa kanisa: umwilisho ni nini, nafsi ni nini, mzushi ni mtu wa namna gani. Katekista alianza kutokea mlango wa nyuma. Mwaka wa pili alielewa nusu. Kufika wa tano alikuwa anasoma kwa sauti, polepole, akiwa amesimama kando ya meza ya kukunjia, na wenzake wawili wa zamu ya asubuhi wakimsikiliza.

Wa kwanza alikuwa Mama Mapacha, mkunjaji, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Wa pili alikuwa mwendesha boila, mzee mkavu waliyemwita Fundi Mvuke. Huyu hakuwa mtu wa kanisa, Jumapili yake ilikuwa ya kulala. Lakini masikio alikuwa nayo, na ubishi pia. Siku kitabu kilipofika kwenye habari za Utatu, aliweka spana chini akasema kwa kujiamini, "Hilo ni jepesi sana. Maji, barafu, mvuke. Kitu kimoja, kinabadilika tu. Mimi nakiona kila siku."

Wiki tatu baadaye Mama Pasi alikutana na ukurasa ambao mwalimu mmoja wa kale alikataa katakata fikra kwamba Mungu ni mmoja anayebadilisha sura kama mtu anayebadilisha nguo. Aliusoma mara mbili, kwa raha, kisha akamgeukia Fundi Mvuke. "Samahani, mzee wangu. Wamekukataa hata kabla hujazaliwa."

Tangu siku hiyo Fundi Mvuke hakukosa somo hata moja. Alisema anasubiri kulipiza.

Ilikuwa mwezi wa tatu, tarehe kumi na saba, sauti ya Mama Pasi ilipokatika katikati ya ukurasa.

Somo la siku hiyo lilimhusu mtawa mmoja ambaye hata jina lake halikuandikwa. Alimsingizia mwenzake uzembe mbele ya watawa wote, wakiwa mezani. Baadaye roho ikamsuta, akaenda kimya kimya chumbani kwa yule mwenzake akaomba msamaha, naye akasamehewa. Akarudi kwa mkuu wao akiwa mwepesi kama unyoya. Mkuu akamwambia kwamba ametibu donda lake mwenyewe tu, la mwenzake bado liko wazi pale mezani alipolifungua, kwa hiyo arudi mezani.

Ukurasa huo alikuwa ameusoma kila mwaka. Kila mwaka alikuwa akifikiria watu wengine wanaofaa kuusikia, na orodha haikuwa fupi. Safari hii alikuwa na karatasi mfukoni mwa koti lake la kazi, barua kutoka kwa binti wa mdogo wake. Binti alikuwa anahitimu chuo cha uuguzi, na nyumbani kwao kungekuwa na sherehe ndogo mwishoni mwa mwezi wa nne. "Mama mkubwa, naomba uje," aliandika. "Mama hajui kama nimekualika." Barua ilikaa mfukoni siku tatu, na Mama Pasi alikuwa ameshaamua kutoijibu.

"Vipi tena, umekwama neno?" aliuliza Mama Mapacha.

Mama Pasi akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. Kisha akawasimulia, akitazama mshale wa boila badala ya nyuso zao.

Miaka sita nyuma mama yao alifariki. Kabla ya hapo alikuwa amelala kitandani miaka minne kwa kiharusi, upande mmoja wa mwili umekufa. Aliyemlea alikuwa mdogo wake Mama Pasi, peke yake, katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama Pasi alikwenda mara mbili kwa mwaka, na sabuni na mashuka, akakaa siku tatu akarudi kazini. Siku ya mazishi, watu wamejaa uani, yeye alisimama akanyoosha kidole. "Mama yangu hakufa kwa ugonjwa," alisema. "Ameuawa na uzembe wa huyu." Mdogo wake hakusema kitu. Mama Pasi akapanda basi jioni ile ile, na tangu hapo hawakuwa wamesemeshana.

"Na ilikuwa kweli?" aliuliza Fundi Mvuke.

"Haikuwa kweli."

Mshale ukaanza kupanda, na kazi ikaanza.

Kesho yake asubuhi Mama Pasi alifungua kitabu akasoma tena ukurasa wa tarehe kumi na saba. Wakadhani amesahau. Siku iliyofuata, ule ule. Siku ya nne Mama Mapacha akaona amsaidie. "Dada, leo ni tarehe ishirini."

"Najua."

"Sasa mbona..."

"Nimekuwa nafunua hizi kurasa miaka yote kama mtu anayehesabu mashuka. Huu siufunui mpaka niufanye."

Basi wakasomewa mtawa asiye na jina, asubuhi baada ya asubuhi. Wiki ya pili Mama Mapacha alikuwa anaufahamu kwa moyo, akiukariri huku anakunja. Wauguzi waliokuja kuchukua mashuka wakawa wanauliza yule mtawa ameshakwenda mezani au bado. Mkuu wa usafi alipita asubuhi moja, akasikiliza, akapita tena wiki iliyofuata, akasikiliza. "Kwani hicho kitabu kimekwama?" aliuliza. Fundi Mvuke akamjibu, "Kitabu ni kizima, bosi. Tunasubiri kipuri."

Mama Pasi mwenyewe alikonda. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila alipojaribu kuyapanga ya kumwambia mdogo wake, mdomo ulikuwa mzito kama umeshonwa. Mwishowe, mwanzoni mwa mwezi wa nne, alipiga moyo konde akatuma ujumbe kwa simu: "Mdogo wangu, nilikukosea. Nisamehe." Alikaa na simu mapajani saa nzima. Jibu lilikuwa neno moja: "Sawa."

Asubuhi aliingia kazini na uso uliokunjuka, akafungua kitabu, akashika pembe ya ukurasa ili aufunue.

"Ngoja kwanza, mama," alisema Fundi Mvuke. "Umemaliza?"

"Nimemwomba msamaha. Amekubali."

"Umekwenda?"

"Kwa simu."

Fundi Mvuke akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Na yale ya msibani, uliyasema kwa simu?"

Mama Mapacha akamkodolea macho, kama kumwambia anyamaze. Hakunyamaza. "Mimi si msomi wa hayo mambo. Lakini nimesomewa huo ukurasa siku kumi na tisa mfululizo, na kama nimeelewa vizuri, wewe sasa hivi ndiye yule mtawa aliyekwenda chumbani kimya kimya."

Mama Pasi alimtazama kwa hasira. Alitaka kumwambia akashughulike na valvu zake. Lakini aliachia pembe ya ukurasa, akaanza kusoma upya kutoka juu mpaka mwisho.

Alikwenda. Aliomba ruhusa ya siku tatu, akapanda basi Ijumaa alfajiri, akalala kwa mjomba wao, kaka wa mama, ambaye hakumuuliza kitu. Jumamosi mchana alifika uani kwa mdogo wake. Palikuwa na turubai la bluu, viti vya plastiki, na watu arobaini hivi, wengi wao ni wale wale wa siku ya mazishi. Binti akaja mbio akamkumbatia. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi. Alimwona dada yake, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemsalimu jirani, akaendelea kugawa glasi.

Mjomba ndiye aliyekuwa akiongoza maneno. Zamu za kumpongeza binti zilipokwisha, Mama Pasi akainuka.

"Mjomba, naomba nafasi."

Shangazi mmoja akaweka sahani chini. Mjomba alimtazama, akamtazama mwenye nyumba, akakohoa. "Sema, mwanangu. Lakini leo ni siku ya furaha."

"Ndiyo, mjomba." Alikuwa ameandika karatasi, lakini herufi zilikuwa zinacheza, akairudisha mfukoni. "Miaka sita iliyopita nilisimama hapa hapa, mbele yenu, nikasema mdogo wangu amemuua mama kwa uzembe. Mlinisikia nyote. Nataka mnisikie na leo. Nilisema uongo."

Mjomba akaketi.

"Mimi nafanya kazi ya kufua hospitalini. Mashuka ya wagonjwa yanapita mikononi mwangu kila siku, na mgonjwa asiyegeuzwa kitandani namjua kwa shuka lake, hata kama simjui kwa sura. Anaoza mgongo. Mama alilala miaka minne. Tulipomwosha siku ile, niliuona mgongo wake. Ulikuwa laini, hauna kidonda hata kimoja. Maana yake kuna mtu alimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, miaka minne. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikajua, na bado nikatoka nje nikasema nilichosema. Kwa sababu asiyekuwepo nilikuwa mimi."

Akakaa.

Mdogo wake alikuwa bado mlangoni na lile sinia. Halafu akasema, kwa sauti kavu, "Mjomba, endelea na ratiba. Chakula kinapoa," akaingia ndani.

Mama Pasi alimfuata jikoni baadaye, watu walipoanza kula. Alichukua kitambaa akaanza kukausha vyombo ambavyo mdogo wake alikuwa anavisuuza. Vyombo kumi na kitu vikapita hivyo.

"Umesema vizuri, dada," alisema mdogo wake mwishowe, bila kugeuka.

"Nimechelewa."

"Umechelewa. Wewe ulipanda basi, mimi nikabaki hapa. Unajua nilikuwa naishi kwa kulea wagonjwa majumbani mwa watu? Baada ya maneno yako nyumba tatu zilinikataa. Mwenye duka la dawa. Mama wa kwaya. Na yule mwalimu mstaafu, ambaye nilikuwa nimeshaanza kumhudumia, mkewe aliniambia nisirudi. Mtu akishaambiwa umemuua mama yako mzazi, atakuachia mume wake?"

Mama Pasi hakujua hilo. Alihisi kama mtu aliyefikiri amefika, kumbe ameshuka kituo cha katikati.

"Leo walikuwepo hapa?"

"Hawakuwepo."

"Nionyeshe nyumba zao."

Mdogo wake akageuka, mikono inadondosha maji. "Ziko mbali mbali, dada."

"Miguu ninayo."

Jumapili baada ya ibada alizunguka nyumba tatu. Mwenye duka la dawa alimsikiliza akiwa anapanga chupa, akasema hayo yamepita, mama, usijisumbue. Mama Pasi akamwambia hajaja kuuliza kama yamepita, amekuja kuyafuta, na akayarudia yote kuanzia mwanzo, mpaka yule bwana akaacha chupa. Mama wa kwaya alimkaribisha, akamsikiliza na kuahidi kuyafikisha kwa wenzake. Kwa hilo hapakuwa na shaka, maana ndiye aliyeyafikisha na yale ya mwanzo.

Nyumba ya tatu alimkuta mjane. Mwalimu alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kizingiti cha mlango.

"Tulimpata mtu mwingine wa kumlea," alisema. "Hakumgeuza. Vidonda vile, mama, harufu yake sijaisahau." Hakusema kwa ukali. Alisema tu, halafu akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Mwambie mdogo wako nilimkosea."

"Aliyekukosea wewe ni mimi."

"Najua," mjane akajibu. "Wewe ulinikosea mimi, nami nilimkosea yeye."

Kwenye basi la kurudi Mama Pasi hakusinzia. Kwa mdogo wake alikuwa amerekebisha, kwa mwalimu hapakuwa na cha kurekebisha tena. Hilo ukurasa haukulisema, na alijua ataishi nalo.

Jumanne asubuhi, boila ikiwa bado baridi, aliwasimulia wenzake yote bila kuficha, pamoja na ya mjane. Mama Mapacha alilia kiasi cha kulowesha foronya iliyokwishanyooshwa. Fundi Mvuke alitoka nje kidogo, akarudi, akasema moshi wa boila umemwingia machoni, ingawa boila ile haikuwa na moshi. Kisha Mama Pasi akafunua ukurasa. Tarehe kumi na nane. Askofu mmoja alikuwa anaeleza kwa kirefu, bila haraka yoyote, ni wakati gani hasa inafaa kumaliza mfungo. Walisubiri jambo kubwa litokee, halikutokea. Wakatazamana, wakacheka mpaka mkuu wa usafi akaja kuuliza kulikoni.

Hakuruka hata siku moja ya zile zilizopita. Kwa hiyo mwaka ule, na miaka iliyofuata, kitabu kilikuwa nyuma ya kalenda kwa zaidi ya wiki tano, na katika chumba cha kufulia masomo ya Krismasi yalisomwa mwanzoni mwa Februari.

Mdogo wake hakubadilika kwa siku moja. Mwezi wa tano alipiga simu mara moja, kuuliza dawa ya kutoa doa la damu kwenye pamba. Mwezi wa sita akapiga mara mbili. Mjane wa mwalimu alikuwa amempeleka kwa shemeji yake aliyevunjika nyonga, na kazi ikaanza kurudi. Mwezi wa tisa alikuja mwenyewe, akakaa wiki nzima katika vyumba viwili vya dada yake, akikosoa jinsi alivyopanga sufuria.

Jumapili alasiri walikuwa wamekaa mkekani, mlango wazi, hawana la kufanya. Mdogo wake akasema, "Hujawahi kuniuliza mama alikufaje."

"Sikuwa na haki ya kuuliza."

"Uliza."

"Alikufaje?"

"Asubuhi ile alikuwa na nguvu. Aliniambia nifungue dirisha. Nikamchana nywele, nikaanza kumsuka. Akaniuliza, mkubwa anakuja leo? Nikamwambia kesho. Nilimdanganya, ulikuwa huna safari." Alinyoosha pembe ya mkeka. "Akasema, basi fumua, mkubwa atanisuka kesho. Wewe unavuta sana."

Mama Pasi akaziba mdomo.

"Nilikasirika, dada. Miaka minne namlisha, namgeuza, halafu nywele anakuwekea wewe! Nikazifumua kwa hasira, nikatoka nje kuanika nguo. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Ndiyo maana siku ile uliponinyooshea kidole sikujibu. Nilidhani umeniona."

Walilia, kisha mdogo wake akaanza kucheka katikati ya kilio, akisema lakini kweli, mimi navuta sana, hata binti yangu ananikimbia. Mama Pasi akainuka akaleta kitana na mafuta, akakaa juu ya kigoda, akamvuta mdogo wake begani akae mbele yake. Akamsuka mpaka jua likaondoka mlangoni. Mdogo wake alilalamika mara mbili tu.